Gnathovorax na herrerasauridi wenzake: mifupa ipo kamili, mbona bado hatujui kama ni theropodi?

mwl_baiolojia

Wakuu, habari za kazi. Naandaa somo la mageuko ya dinosaria wala nyama wa mwanzo na nimekwama kwa mnyama mmoja, Gnathovorax cabreirai wa Brazili, aliyetangazwa 2019. Ni kiunzi karibu kizima, mifupa imekaa kama ilivyokuwa mnyama akiwa hai. Lakini nikisoma hapa naambiwa herrerasauridi (kundi lake yeye na Herrerasaurus wa Argentina) ni theropodi, yaani yumo kwenye ukoo wa Tyrannosaurus na ndege. Nikisoma pale naambiwa alichepuka kabla theropodi hawajatokea. Pengine tena anawekwa pamoja na mababu wa dinosaria wenye shingo ndefu.

Maswali yangu matatu:
1. Kwa nini kiunzi kamili hakimalizi ubishi?
2. Kutoka jiwe hadi jina la spishi mpya, ni hatua zipi hasa, na wapi watu hukosea?
3. Umri wa miaka milioni 233 unapatikanaje?

Naomba majibu yenye mifupa na namba, si maelezo ya juu juu.

---

jiwe_na_mfupa

Mwalimu, nianze na la kwanza maana ndilo zito.

Kiunzi kamili kinakuambia mnyama alikuwaje. Hakikuambii ndugu zake ni nani. Undugu unapatikana kwa kumlinganisha na wengine, sifa moja baada ya nyingine, na hao wengine ndio wenye mapengo.

Kosa la kwanza la kuepuka darasani: usiwaambie wanafunzi kwamba mla nyama wa zamani ni theropodi. Buriolestes, aliyetangazwa 2016 kutoka eneo hilohilo la Rio Grande do Sul, ana meno membamba yaliyopinda, yenye kingo za msumeno, na ni sauropodomofu, yaani wa upande wa shingo ndefu. Eoraptor wa Argentina aliitwa theropodi mwaka 1993. Mwaka 2011 kundi lilelile la watafiti, likimtangaza Eodromaeus, theropodi mdogo wa urefu wa mita 1.2 hivi, likamhamishia Eoraptor kwa sauropodomofu. Mababu wote wa mwanzo walikuwa wadogo, wa miguu miwili, na wengi walikula nyama. Jino la kukata nyama ni urithi wa wote, kwa hiyo halitenganishi mtu na mtu.

Sasa tazama mifupa inayobishaniwa. Chukua Herrerasaurus, binamu wa Gnathovorax anayejulikana zaidi.

Taya la chini: katikati yake, nyuma ya mfupa unaobeba meno, kuna kiungo kinachoteleza. Sehemu ya mbele inaweza kucheza kidogo dhidi ya ya nyuma, hivyo taya humfuata windo linapofurukuta. Theropodi wanacho. Fuvu zuri la Herrerasaurus lilipoelezwa 1992, kiungo hiki kilikuwa hoja kubwa ya kumwita theropodi. Shida ni kwamba kenge naye ana mnyumbuko katikati ya taya, na kenge si dinosaria. Kinachofaa kwa kumeza windo huzuka zaidi ya mara moja.

Mkono: vidole vitatu virefu vyenye makucha, cha nne na cha tano vimesinyaa. Hiyo ni ya kitheropodi.

Mguu: hapa mambo yanageuka. Kwa theropodi, mfupa wa wayo wa kidole cha kwanza umekatika juu, haufiki kifundoni. Kwa Herrerasaurus bado unafika.

Kiuno: pingili za uti zilizoshikana na nyonga ni mbili tu za msingi, kama kwa reptilia wa kale. Dinosaria wengi wana tatu au zaidi. Coelophysis, theropodi asiye na ubishi, ana tano.

Mfupa wa kinena: unaishia kwa upanuzi mkubwa mfano wa kiatu. Allosaurus, theropodi wa baadaye, anao, lakini Coelophysis hana mkubwa hivyo, naye kwenye mti yuko katikati ya hao wawili. Aidha ulizuka mara mbili, aidha Coelophysis na ndugu zake waliupoteza.

Fanya hesabu hii ubaoni, itawafungua macho. Wanyama watatu: Herrerasaurus, Coelophysis, Plateosaurus (wa shingo ndefu, pingili tatu za kiuno, hana kiungo cha taya). Sifa mbili: kiungo cha taya, na pingili ya tatu ya kiuno.

Ukimweka Herrerasaurus na Coelophysis: kiungo cha taya kilizuka mara 1, pingili ya tatu ilizuka mara 2. Jumla 3.
Ukimweka Herrerasaurus nje, Coelophysis na Plateosaurus pamoja: kiungo cha taya mara 2, pingili mara 1. Jumla 3.

Sare. Na mfupa wa wayo uliokatika hausaidii, kwa sababu katika hao watatu ni Coelophysis peke yake aliye nao. Sifa ya mmoja haiunganishi wawili. Ubishi wote wa herrerasauridi ni sare hii ikikuzwa kwa mamia ya sifa.

---

mti_wa_nasaba

Naongezea hapo kwenye "mamia ya sifa", maana ndiko makosa yanakojificha.

Kazi inafanyika kwenye jedwali. Kila mstari ni mnyama, kila safu ni sifa, kila kisanduku ni 0, 1, 2 au alama ya kuuliza kama mfupa haupo. Programu, mara nyingi TNT, inatafuta mti wenye mabadiliko machache kuliko yote. Haiwezi kupima miti yote mmoja mmoja: kwa wanyama 10 tu miti yenye mzizi inayowezekana ni 34,459,425. Kwa hiyo inaanza sehemu nyingi za kubahatisha, inakata matawi na kuyapandikiza kwingine, na kubakiza mti uliopungua mabadiliko. Ukiipa mianzo michache inaweza kunasa kwenye mti wa wastani na wewe ukadhani umefika.

Mfano mzuri ni wa 2017. Matthew Baron, David Norman na Paul Barrett walitoa jedwali la wanyama 74 na sifa 457 kwenye jarida la Nature. Mti wao ulivunja mgawanyo uliokuwepo tangu Harry Seeley, karne ya 19: theropodi wakaunganishwa na onithiskia, kundi la Triceratops, na herrerasauridi wakapelekwa kwa sauropodomofu. Hiyo ndiyo "pengine tena" ya mwalimu. Mwaka huohuo Max Langer na wenzake walipitia jedwali lilelile, wakaangalia upya mifupa, wakarekebisha visanduku vingi. Mti wa zamani ukarudi. Lakini walipopima kwa takwimu, tofauti kati ya miti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuukataa mmoja.

Fundisho la kikazi: kisanduku kimoja kibaya ni kitu kidogo, ila kosa la namna moja likirudiwa kwa wanyama 20 linahamisha tawi zima. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni haya. Mtu anajaza 0, yaani "sifa haipo", wakati mfupa wenyewe umevunjika mahali hapo, palipostahili alama ya kuuliza. Au sifa moja inahesabiwa mara mbili kwa majina mawili, mfano urefu wa mfupa wa kinena na uwiano wake na fupapaja. Jedwali linampa mnyama kura mbili kwa jambo moja. Au anajaza kwa kutazama picha ya makala badala ya mfupa wenyewe.

Kwa Gnathovorax mwenyewe nafasi ndani ya herrerasauridi haina mgogoro mkubwa. Yuko na Herrerasaurus na Staurikosaurus. Kinachoyumba ni shina la kundi zima.

---

mwl_baiolojia

Asanteni sana, hesabu ya sare nimeielewa na naichukua kama ilivyo. Swali dogo: vifuko vya hewa mifupani je? Nilidhani hivyo vinatenganisha theropodi na wengine bila shida.

---

jiwe_na_mfupa

Vilitumika hivyo. Tawa hallae wa Ghost Ranch, New Mexico, alipotangazwa 2009, pingili zake za shingo zilionyesha dalili za vifuko vya hewa, huku nyonga ikifanana na ya herrerasauridi. Akawa daraja: herrerasauridi chini, Tawa katikati, theropodi wengine juu. Wengi waliridhika kwa miaka kadhaa.

Kisha 2022 Tito Aureliano na wenzake wakazipiga skani ya CT pingili za dinosaria watatu wa Brazili: Buriolestes, Pampadromaeus na huyu huyu Gnathovorax. Ndani hakukuwa na vyumba vya hewa vilivyopenya mfupa. Maana yake, dinosaria wa kwanza hawakuwa navyo, na vyumba hivyo vilizuka angalau mara tatu mbalimbali: kwa terosauri (reptilia warukao), kwa theropodi na kwa sauropodomofu. Kwa hiyo Gnathovorax kukosa hewa mifupani hakumwondoi wala hakumwingizi. Ni hali ya awali tu.

Tahadhari ya kitaalamu: tundu dogo kwenye ubavu wa pingili si ushahidi wa hewa. Mishipa ya damu nayo inapita matunduni. Lazima ulifuate tundu kwa skani uone kama linafunguka kwenye chumba ndani ya mfupa.

---

plasta_na_gunia

Najibu swali la pili, hatua za kazi.

Uwanjani mfupa haung'olewi. Unachimba mtaro kuuzunguka mpaka ubaki kama uyoga, mfupa ndani ya kichwa cha jiwe. Sehemu zilizo wazi unazinywesha gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, nyepesi, asilimia 5 hadi 10, ili ipenye. Ukiiweka nzito inaganda juu kama ngozi na ndani mfupa unabaki unga. Halafu karatasi ya chooni iliyoloweshwa au foili, ndiyo kitenganishi. Ukisahau hatua hii plasta inashika mfupa na kuutoa ni kuuvunja. Kisha vipande vya gunia vilivyochovywa plasta, tabaka kadhaa, kikubwa kikiongezewa mbao. Ikikauka unakata shina la uyoga na kupindua. Ajali nyingi hutokea wakati wa kupindua: kama shina halikukatwa vizuri, kiini cha jiwe kinamwagika chini na wewe umebaki na ganda.

Maabara, kalamu ya hewa iliyobanwa inamega jiwe punje kwa punje chini ya darubini. Hapa miamba ya Santa Maria, alikotoka Gnathovorax, ina ugonjwa wake. Madini ya kalsaiti yamejaa katika nafasi za ndani za mfupa na fuwele zimekua zikausukuma mfupa wenyewe, hivyo mifupa mingi imevimba, mingine imepasuka na kuachana. Hematiti, madini ya chuma, nayo imepaka kila kitu rangi nyekundu. Ukipima unene wa fupapaja lililovimba ukakadiria uzito wa mnyama, utapata mnyama mnono ambaye hakuwahi kuwepo. Na kwenye skani hematiti, kwa kuwa ni nzito, inatoa michirizi myeupe inayofunika mpaka wa mfupa, wakati kalsaiti inakaribiana na mfupa kwa rangi ya kijivu. Kompyuta haiwezi kutenganisha peke yake. Mtu anakaa anachora mpaka kwa mkono, kipande baada ya kipande, mamia kwa mamia.

Lakini kazi hiyo ina malipo. Kwa Gnathovorax ndiyo iliyowezesha kuumba umbo la ubongo kutoka kwenye uwazi wa kasha la fuvu. Tundu la sehemu ya ubongo mdogo inayosaidia macho kutulia kwenye kitu wakati kichwa kinatembea limekua vizuri. Mnyama wa mita 3 hivi, aliyekimbiza windo kwa miguu miwili, anahitaji hilo.

Jina sasa. Sheria za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa mwenye jina, holotaipu, na kiwekwe mahali ambapo wengine wanaweza kukifikia. Cha Gnathovorax ni CAPPA/UFSM 0009, kipo chini ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Santa Maria. Lazima utaje sifa zinazomtofautisha na jamaa zake. Na tangu 2012, makala ya mtandaoni pekee inahesabika tu kama imesajiliwa ZooBank, sajili ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na namba ya usajili imo ndani ya makala. Watu wamewahi kusahau mstari huo mmoja, jina likawa batili mpaka litolewe tena.

Kuhusu kukosea, kuna aina mbili za hatari. Ya kwanza ni mchanganyiko: mifupa ya wanyama wawili inaunganishwa kuwa mmoja. Alwalkeria wa India, aliyetangazwa 1987, baadaye alionekana kuwa amechanganywa na mifupa isiyo ya dinosaria. Ndiyo maana kiunzi kilichounganika kama cha Gnathovorax kina thamani kubwa hata kama mti bado unayumba. Angalau una hakika taya na nyonga ni za mnyama mmoja. Ya pili ni umri wa mnyama mwenyewe alipokufa, mtoto kudhaniwa mzima, na nadhani mwenzetu ruhuhu ataieleza vizuri kuliko mimi.

---

zikoni

La tatu, fupi.

Mfupa wenyewe haupimwi. Tunapima zikoni, kifuwele kidogo kinachotoka kwenye magma. Kikikua kinameza urani na kinaikataa risasi (ile metali), kwa hiyo risasi yote unayoikuta ndani imetokana na urani kuoza. Kuna saa mbili kwenye punje moja: urani 238 hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.47, urani 235 kwa miaka milioni 704. Zikipatana, unaamini. Zisipopatana, mara nyingi risasi imevuja na umri unaonekana mchanga kuliko ukweli. Tiba yake ni kuchoma punje kwenye joto kali kisha kuzila kwa asidi ya haidrofloriki, sehemu zilizoharibika zinayeyuka, nzima inabaki.

Sasa angalia tofauti hii, watu wanaikosa. Ischigualasto, miamba ya Argentina alikotoka Herrerasaurus, kuna tabaka la majivu ya volkano karibu na kitako cha mwamba lililotoa miaka milioni 231.4. Majivu yalianguka siku yake, yakalala hapo. Santa Maria, kwa Gnathovorax, punje zimo kwenye mashapo yaliyobebwa na maji, na zilitoa milioni 233.23, jumlisha au toa 0.73. Punje iliyobebwa na mto inaweza kuwa ya zamani kuliko mashapo. Kwa hiyo namba ya Brazili inasema mwamba hauwezi kuwa mkongwe kuliko hapo, ila unaweza kuwa mchanga kidogo. Ukiandika ubaoni, andika "takriban 233, au pungufu".

---

ruhuhu

Nimeitwa, nimefika. Suala la umri wa mnyama tuna mfano wa nyumbani kabisa, tabaka za Manda, bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania.

Asilisaurus kongwe, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, alitangazwa 2010. Si dinosaria kamili bali ndugu wa karibu, silesauridi, na uzuri wake ni kwamba amepatikana kwa wingi: mafupapaja ya wadogo na wakubwa. Mwaka 2016 Christopher Griffin na Sterling Nesbitt waliyapanga kwa ukubwa na kuangalia vivimbe na kingo ambazo misuli hushikilia. Walitarajia kila mnyama apitie hatua zilezile kwa mpangilio mmoja. Haikuwa hivyo. Mmoja anaota ukingo fulani mapema, mwenzake mwenye fupapaja la urefu uleule bado hana. Kwa Coelophysis walikuta hali hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye jedwali. Ukingo huohuo wa fupapaja ni safu ya sifa. Ukiwa na mfupa mmoja tu wa mnyama mpya, wa kijana, utajaza 0, programu itamshusha chini ya mti, utatangaza kwamba umepata wa kale zaidi. Kumbe ni mtoto. Dawa ni kukata kipande cha mfupa na kusoma mistari ya ukuaji ndani kabla ya kujaza kisanduku chochote cha ukingo wa misuli.

Na nani aliwala hao? Manda ilikuwa na nunda kweli: Nundasuchus songeaensis, urefu wa karibu mita 3, wa upande wa mamba au jirani nao. Upande huo ndio ulioshika nafasi ya mla nyama mkubwa karibu muda wote wa Triasiki, kipindi hiki cha dinosaria wa mwanzo. Hata Ischigualasto, Herrerasaurus aliishi chini ya kivuli cha Saurosuchus. Naomba mwalimu hili lisikose kwenye somo, maana vitabu vingi vinaruka moja kwa moja hadi dinosaria wakubwa, kana kwamba walipewa dunia bure. Theropodi walikua wakubwa hasa baada ya kutoweka kwa viumbe kwa miaka milioni 201 iliyopita, nunda wa upande wa mamba walipokwisha.

Halafu kuna Nyasasaurus parringtoni. Mifupa yake ilichukuliwa Ruhuhu miaka ya 1930, jina rasmi likaja 2013. Kuna mfupa wa juu wa mkono wa kulia wenye ukingo wa misuli unaochukua karibu asilimia 30 ya urefu wake, sifa ya dinosaria, na pingili tatu za kiuno. Ile pingili ya tatu ya jiwe_na_mfupa. Ndani ya mfupa kuna alama za kukua haraka. Aidha ni dinosaria wa kwanza kabisa tunayemjua, aidha ni jirani yao wa mlango wa pili.

---

zikoni

Nyongeza ya haki: umri wa Nyasasaurus, ule wa milioni 240 na zaidi unaotajwa, haukutokana na zikoni za Manda. Ulitokana na kulinganisha wanyama wa Manda na wale wa Afrika Kusini, hasa Cynognathus, ndugu wa kale wa mamalia, na jamaa zake. Mwaka 2014 miamba ya Argentina yenye Cynognathus ilipimwa kwa zikoni ikatoa karibu milioni 236. Kama ulinganisho huo unashika, Nyasasaurus anaweza kuwa mchanga zaidi, akawa karibu tu ya Gnathovorax kwa wakati.

---

mwl_baiolojia

Kwa hiyo kinachohitajika Ruhuhu ni nini hasa? Na mwanafunzi wa Songea au Njombe akikutana na mfupa kwenye korongo afanyeje?

---

ruhuhu

Kinachohitajika ni majivu yenye zikoni mahali pamoja na mifupa, na nyonga ya Nyasasaurus. Mwenye jina yuko London, kielelezo cha pili kipo Cape Town, na katika vyote viwili hatuna tundu la nyonga, pale fupapaja linapoingia. Tundu lililo wazi katikati, ambalo unaweza kupitisha kidole, lingemwingiza kwenye dinosaria. Lililozibwa na mfupa lingeelekea kumwacha nje.

Mwanafunzi asichimbe. Apige picha tatu: moja ya karibu akiweka sarafu au rula pembeni, moja ya korongo zima, moja ikionyesha tabaka mfupa ulikotoka kama linaonekana juu yake. Achukue alama za GPS kwenye simu. Vipande vilivyoanguka aviache palepale, kwa sababu vikifuatwa kupanda mtelemko ndivyo vinavyoonyesha mfupa ulipo. Kisha taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya, Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Mabaki haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na holotaipu ya Asilisaurus, NMT RB9, ni mali ya makumbusho hayohayo. Kama mfupa uko kwenye njia ya maji na masika yanakaribia, aliseme hilo kwanza kabisa kwenye taarifa.